Hodi ya Nne

Ko. Kokoko. Ko.

Kitu kidogo kigumu kilibiringika ndani ya sahani ya bati, kikazunguka ukingoni, kikatulia. Mwanaidi, mikono ikiwa bado na unga, akasimama jikoni gizani na kutega sikio.

Ilikuwa Saa ya Pampu. Kila siku saa moja jioni mji mzima wa Singida ulizimwa taa kwa dakika hamsini, umeme wote ukaenda kupandisha maji kwenye matangi ya mlimani, na watu walishazoea. Walikaa barazani wakapiga soga mpaka taa zirudi. Siku hiyo Mwanaidi alikuwa ametoka kazini mapema na kuingia kwa mlango wa uani. Aliyekuwa sebuleni hakujua kwamba amerudi.

Ko. Kokoko.

"Moja," ikasema sauti ya mtoto.

Moyo ulimruka Mwanaidi kwa furaha kabla haujaruka kwa jambo lingine. Tausi, binti yake wa pekee, wa miaka sita, hakuwa ametoa sauti kamili tangu baba yake aanguke kutoka kwenye mnara wa umeme wa upepo na kufa miezi kumi iliyopita. Alinong'ona tu, tena sikioni mwa mama yake, tena akiwa amemshika shingo. Mahali pamoja tu ndipo sauti yake ilipotoka: kwenye mchezo, mezani, alipokuwa Mpiga Ngoma. Lakini mchezo ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kwa kitenge, umezimwa. Mwanaidi aliuzima mwenyewe asubuhi.

"Moja," ikarudia sauti nyingine, nzito, ya taratibu, kama ya babu aliyeshiba. "Pole, Mpiga Ngoma. Mama amepotea njia ya mlimani. Unajua la kufanya."

Nyayo ndogo zikapita sakafuni. Komeo likavutwa. Upepo wa nje ukaingia mpaka jikoni, na harufu ya vumbi na alizeti.

Mwanaidi alikimbia. Alijigonga goti kwenye stuli, akafika sebuleni akakuta mlango wa mbele uko wazi kabisa, na mwanawe ameketi kizingitini peke yake, anatazama barabara isiyo na taa hata moja, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri gari.

"Tausi!"

Mtoto aligeuka. Hakushtuka. Akamrukia, akamshika shingo, akanong'ona, "Umerudi kwa sababu nilifungua."

"Nani kakwambia ufungue mlango gizani? Eh? Nani?"

Tausi akanyoosha kidole. Ukutani, juu ya ndoo, mita ya maji ilikuwa inawaka kitaa chake cha kijani. Mita za mji ule zilikuwa na spika; ndizo zilizotangaza zamu za maji, na betri zake hazikuzimika na Saa ya Pampu.

"Hodi," ikasema mita, kwa sauti ya babu yule yule.

Na Tausi, mtoto aliyelelewa akaleleka, akainua uso wake na kuitika kwa sauti safi kama kengele, "Karibu."

*

Mchezo wenyewe uliitwa Meza ya Wanne. Watu wanne huizunguka meza, kila mmoja hujivika mtu: Mpiga Ngoma, Mlinzi, Mganga, Mchora Njia. Katikati hukaa Kibuyu, chombo cha ukubwa wa papai chenye umbo la kibuyu kweli, na ndicho msimulizi. Dadu la pande nane huamua kama umevuka mto au mto umekuvuka wewe. Kibuyu hakisomi mahali. Hutunga papo hapo kikikusikiliza unavyopumua, na kikigundua hadithi inakugusa wapi, hapo hapo ndipo kinapochimba. Watu wazima walikipenda kwa miaka mitano. Kisha wakaoa, wakahama, wakachoka, na kampuni ikaanza kuwatazama watoto.

Mwanaidi aliajiriwa kuwavuta watoto hao. Alikuwa amemaliza masomo ya jioni mwaka ule, na kazi ilimpenda naye akaipenda. Alizunguka shuleni na sanduku la madadu, akawafundisha wadogo kwamba mtu anaweza kuwa jasiri kabla hajawa mrefu. Aliamini kila neno. Angekosaje kuamini, naye alimsikia mwanawe aliyekuwa bubu akihesabu mpaka kumi mbele ya Kibuyu?

Kikwazo kilikuwa kimoja. Mzazi huweza kutia saini mtoto acheze, lakini ruhusa ya ndani, ile ya Kibuyu kumfuata mchezaji nje ya meza na kuendeleza hadithi nyumbani, sheria ilitaka aitoe mchezaji mwenyewe. Mtu mzima husoma kurasa kumi na moja, akaweka alama ndiyo au hapana. Mtoto wa miaka sita atasoma nini? Wataalamu walikwama hapo wiki tatu. Mwanaidi ndiye aliyenyoosha mkono kikaoni.

"Si kipige hodi tu? Mtoto akitaka, ataitika karibu. Asipotaka, atanyamaza."

Walimpigia makofi. Mmoja alisimama kabisa.

*

"Shikamoo, dada Felista."

"Marahaba, Mama Tausi. Mbona uso kama umelalia kokoto?"

Felista Ntandu, mkuu wa matangazo, alikuwa ameinama juu ya maboksi anahesabu fulana za watoto za uzinduzi wa Jumamosi. Mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Mwanaidi hakuketi.

"Kibuyu kinamwambia mwanangu kwamba mimi nitapotea. Kila jioni, gizani, kabla sijarudi, anarusha dadu kuniokoa. Jana amepata moja, kikamfungulisha mlango wa mbele."

"Kinamwambia Mpiga Ngoma kwamba mama wa Mpiga Ngoma atapotea. Ndiyo hadithi hiyo. Mimi na wewe hatukulelewa na mazimwi yanayomeza watoto? Tumekufa?"

"Zimwi la bibi yangu lilibaki kwa bibi, dada. Halikunifuata mpaka kwenye mita ya maji."

Felista alicheka, kisha akaacha. "Alikikaribisha?"

"Aliitika karibu."

"Basi."

Hilo "basi" lilikaa katikati yao kama jiwe. Mwanaidi akalitazama.

"Kwenye majaribio," akauliza, "watoto wangapi walinyamaza?"

"Hata mmoja!" Felista aling'aa. "Mia moja na ishirini na sita, wote karibu, karibu, karibu. Ile fikra yako ilituokoa, mama. Hatujawahi kupata namba nzuri kama ile."

Mwanaidi alikuwa na miaka saba siku shangazi yake alipopiga hodi naye akajificha uvunguni kwa sababu hakutaka kusalimia. Mama yake alimfinya sikio mpaka likachemka. Mgeni haachwi mlangoni na kimya, alimwambia. Kimya ni tusi. Na yeye, Mwanaidi, alimfundisha Tausi maneno hayo hayo kabla mtoto hajajua kuvaa viatu. Mama mia moja na ishirini na watano wengine walifanya vivyo hivyo.

"Hatukuwauliza, dada," akasema. "Tuliwaamkia tu, nao wakaitikia."

Felista aliweka fulana chini. Alitazama mlango, akausukuma ukafungwa.

"Jumamosi ni kesho kutwa. Watoto mia nne. Kibuyu cha watoto kimeshapita kwa wakaguzi. Ukibadilisha neno moja kinarudi kwao mwaka mzima, na mwaka mzima kampuni hii haina. Usiposimama jukwaani wewe, nitasimama mimi. Na mimi sina mdomo wako." Akashusha pumzi. "Tausi naweza kumfuta kwenye Kibuyu sasa hivi, ukisema. Lakini sikiliza kwanza. Nikimfuta, Mpiga Ngoma naye anakwenda, hadithi yote, kila neno alilowahi kusema mle. Ile sauti inayokufanya utabasamu mpaka usahau chai mkononi, utaiita kwa jina gani tena?"

Mwanaidi alishika kitasa cha mlango.

"Mimi si mtu mbaya, Mwanaidi. Nilikusikia unavyolia chooni siku ile alipofika kumi. Nililia na mimi, chumba cha pili."

Mwanaidi alitoka bila kusema futa, na bila kusema usifute.

*

Jioni ile alikaa na Tausi kwenye mkeka kabla taa hazijakatwa. Aliweka sahani ya bati katikati, na dadu ndani yake.

"Leo mimi ndiye ninayerusha," alisema. "Na ninatafuta moja."

Tausi alimkamata mkono kwa mikono yote miwili. Kichwa kilikataa, kushoto, kulia, kushoto.

"Najua. Shika kanga yangu, usiiachie."

Taa zikakatika. Mtaa mzima ulisema "aaa" ya mazoea. Mwanaidi alirusha. Tano. Akarusha. Nane. Alimulika kila mara kwa tochi ndogo, akasoma kwa sauti, na kila aliposoma alisikia pumzi ya mwanawe ikikwama na kuachia. Mbili. Saba. Mbili tena. Hata yeye mwenyewe, mtu mzima, mwenye cheti chake ukutani, alijikuta akiomba isiwe moja kila dadu lilipozunguka ukingoni. Hofu ya mtoto inaambukiza kama upele.

Ko. Kokoko. Ko.

"Moja," alisema.

Tausi alijifunika uso.

"Moja, mwanangu. Niangalie. Niko wapi?"

Kidole kidogo kikamgusa goti lenye jeraha. Kikapanda mkononi, begani, kikafika shavuni, kikabaki hapo.

"Nimekwenda mlimani?"

Kichwa kilikataa.

Ndipo mita ikawasha kitaa chake cha kijani.

"Hodi, Mpiga Ngoma."

Mwanaidi alihisi mwili wa mtoto ukinyooka, mapafu yakijaa. Alimwekea kidole mdomoni, taratibu. "Si lazima," alinong'ona. Na kumbe lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani! Miaka ishirini na sita ya kulelewa ilimsukuma ulimi kwa nyuma: itika, mgeni yuko mlangoni, itika.

"Hodi."

Wakanyamaza.

"Hodi, jamani, wenyewe."

Wakanyamaza. Mara tatu. Mgeni mwenye adabu akipiga mara tatu asijibiwe hushika njia yake, hata mtoto anajua hivyo, na Mwanaidi alianza kupumua. Maji yalisikika yakipanda kwenye mabomba, mbali. Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mpaka ishirini.

"Hodi," ikasema mita.

Hiyo ilikuwa ya nne.

Alimbeba mtoto, akaenda naye chumbani, akafunga mlango, akaketi sakafuni ameuegemea. Pale gizani alimweleza kama alivyoweza: kwamba hodi ni swali, na swali lina majibu mawili. Kwamba mgeni hupiga tatu. Anayepiga ya nne hakuja kukusalimia. Amekuja kuingia, na huyo kumkatalia si utovu wa adabu. Kwamba yeye mama ndiye aliyekifundisha Kibuyu kupiga hodi, na alikosea.

Tausi alisikiliza yote. Kisha akamshika shingo.

"Nikikikatalia," alinong'ona, "nitasema na nani?"

Mwanaidi alimpakata mpaka taa zikarudi.

Asubuhi ya Ijumaa alimpigia Felista simu. "Mfute."

"Una hakika?"

"Sina. Mfute."

Siku nzima ya Ijumaa Tausi hakutoa hata ule mnong'ono.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa kama debe la karanga. Meza mia moja, watoto mia nne, na katikati ya kila meza Kibuyu kimoja kikimeta. Fulana zilikuwa kubwa, zinawafika magotini.

"Mimi Mganga!"

"Wewe Mganga? Utaua watu. Hata kamba za viatu unafungiwa."

"Na wewe Mlinzi unayekimbia kuku!"

Jukwaani kulikuwa na meza ya mfano, yenye maiki yake, ambapo watoto wanne wangeanza ili wengine waone na kufuata. Tausi alipangiwa kiti cha kwanza wiki mbili zilizopita. Asubuhi Mwanaidi alijaribu kumwacha kwa jirani. Mtoto aling'ang'ania kanga kimya kimya, akapanda naye jukwaani, akaketi mahali pake. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumbwa tangu nyumbani.

Mwanaidi alipokea maiki. Mstari wa mbele walikaa walimu. Pembeni, karibu na mitambo, alisimama Felista.

"Watoto wazuri, kabla Kibuyu hakijapiga hodi nataka kuwauliza. Mtu akipiga hodi, tunasemaje?"

"KARIBUUUU!" Madirisha yalitetemeka.

"Na kama hutaki aingie?"

Watoto mia nne walitazamana kama walioulizwa rangi ya usingizi. Kisha kijana mmoja mwenye pengo akasimama kwenye kiti.

"Unasema mama hayupo!"

Kicheko kililipuka, na Mwanaidi naye akacheka, machozi karibu. "Haya, na kama mama yupo?"

Mwalimu mmoja wa mstari wa mbele aliinua kidole. "Mama, samahani. Adabu tunawafundisha sisi kwa jasho. Usituharibie watoto mchana kweupe."

"Mwalimu, mtoto asiyeweza kusema hapana, karibu yake ni ya nani? Watoto, sikilizeni, Kibuyu kikiingia kitawafuata mpaka ny—"

Maiki ilikufa. Mwanaidi aligeuka. Felista alikuwa ameshika swichi, uso ameuelekeza ukutani.

Taa zikapunguzwa. Mwanaidi alipiga kelele, lakini sauti yake peke yake, katika ukumbi ule, ilikuwa kama kumwaga maji kwenye mchanga. Kwenye meza ya mfano Kibuyu kiliwaka kwa ndani, rangi ya asali.

"Hodi," kilisema, na spika zote zikasema nacho. "Hodi, mtoto wa kiti cha kwanza. Sikujui. Nataka nikujue."

Kilisema kweli. Kilikuwa kimemsahau. Angeitika neno moja, Mpiga Ngoma mpya angezaliwa pale pale, na sauti yake pamoja naye, na chini ya jukwaa vifua mia nne vilikuwa vimeshavuta pumzi vikimngoja yeye aanze.

Tausi alimtazama mama yake.

Mwanaidi alitaka kutikisa kichwa. Alikizuia. Mtoto huyu alikuwa ameitika kwa sababu alifundishwa na mkubwa. Akikataa kwa sababu ametikisiwa kichwa na mkubwa, tofauti ilikuwa nini? Alibaki anamtazama tu, mikono imelegea, akiogopa kuliko alivyoogopa siku alipoitwa chini ya mnara.

"Hodi," kilisema Kibuyu.

Mtoto wa kiti cha pili alimgusa Tausi kiwiko. "Itika basi, tucheze."

"Hodi, mwenyewe."

Ya tatu. Mlio wa feni tu ndio uliosikika. Ngumi ya Tausi ilifumbuka, na dadu la pande nane likaanguka mezani, ko, likabiringika, likapita ukingo, likaenda zake sakafuni. Hakuna aliyeangalia limetua wapi. Hata yeye.

"Hodi," kilisema Kibuyu kwa mara ya nne, kwa upole uleule.

Tausi alisimama juu ya kiti chake, akakisogelea mpaka mwanga wa asali ukamfika kidevuni.

"Sitaki uingie," alisema kwa sauti kamili, na spika zote zikasema naye.